Nyunzu: Kabla ya kusema udongo umechoka, tung'oe mizizi tuitazame

Shamba linapokataa kuzaa, sisi watu wa Tanganyika tuna jibu tulilolirithi: udongo umechoka. Nyanya zinanyauka saa sita mchana ingawa mvua ilinyesha jana. Maharagwe yamegeuka manjano. Biringanya zimebaki fupi, kama vile zilipandwa wiki iliyopita. Basi tunafunga hesabu, tunachukua panga na jembe, tunaenda kufungua pori jipya mbele zaidi. Mwenye pesa kidogo anamtuma mtu Kalemie amletee dawa ya chupa. Asiye na pesa wala pori anabaki na deni, na pengine anaanza kumtazama jirani yake kwa jicho baya.

Kuna hatua moja ambayo sote tunairuka, nayo haina gharama hata ya franka moja. Ni kung'oa mmea mgonjwa taratibu, kutikisa udongo, na kutazama mizizi. Ikiwa mizizi imevimba na kujaa mafundo mafundo, kama kamba iliyofungwa ovyo, basi tatizo si uchovu wa udongo peke yake. Kuna mdudu anayekula chini ya jembe letu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima, kinachomla kinaweza kuwa mizizini.

Mdudu huyo ni mnyoo mdogo ambao wataalamu wanauita nematodi. Ule unaoleta mafundo hauonekani kwa macho. Mtoto wake anayeingia kwenye mzizi hana hata nusu milimita. Ana kitu kama sindano mdomoni, anachoma mzizi, anaingia ndani na kukaa humo. Seli za mzizi zinavimba kumlisha yeye badala ya kuupeleka maji na chakula juu kwenye majani. Jike mmoja anataga mayai mia kadhaa, na katika udongo wa joto kama wetu kizazi kimoja kinakamilika kwa muda wa wiki tatu hadi tano. Tangu nyanya ipandwe mpaka ivunwe, vizazi kadhaa vimeshapita. Ndiyo maana shamba linaweza kuwa zuri mwaka wa kwanza, likalegea mwaka wa pili, na mwaka wa tatu likawa halifai.

Mkulima asichanganye mambo mawili. Maharagwe na karanga zina vinundu vyema mizizini, vinavyotengenezwa na bakteria wanaorutubisha udongo. Kinundu chema kimeshikilia ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinang'oka, na ukikipasua ndani unakuta rangi ya waridi au nyekundu. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Hauwezi kuliondoa bila kuukata mzizi. Tofauti hiyo inaweza kufundishwa kwa dakika tano, chini ya mwembe, baada ya misa au baada ya mkutano wa kijiji.

Kwa nini tunalileta jambo hili Nyunzu, na kwa nini sasa? Kwa sababu wilaya hii haina tena nafasi ya kupoteza mashamba. Ugomvi kati ya Watwa na Waluba, uliowaka kuanzia miaka ya 2013 na 2014, ulichoma vijiji kaskazini na kusini mwa mto Lukuga na kuwatawanya watu. Mwaka 2017 jimbo zima la Tanganyika lilikuwa na wakimbizi wa ndani zaidi ya laki tano. Wengi waliorudi walikuta makao yameanguka na mashamba yamegeuka vichaka. Wanalima mahali palipo karibu na salama, na wanalima hapo hapo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kwenda mbali kunatisha. Kupanda nyanya, biringanya, bamia na maharagwe kwa kufuatana katika kipande kimoja ni sawa na kumwandalia mnyoo meza kila msimu.

Upande mwingine, kila familia inayoacha shamba lake na kusogea porini inasogea kuelekea mahali ambapo mtu mwingine anawinda, anachimba dawa au anakusanya asali. Hatusemi kwamba mnyoo ndio ulioleta vita. Vita vyetu vina mizizi mingine, ya dharau, ya ardhi na ya haki. Tunasema tu kwamba shamba linalozaa vizuri pale lilipo ni sababu moja pungufu ya kugombana. Kwa Nyunzu, sababu moja pungufu si kitu kidogo.

Wapo watakaosema: basi tuleteeni dawa ya kiwandani, tumwage, tumalize. Historia ya dawa hizo inatupa onyo. Katika miaka ya 1950 ilianza kuuzwa dawa ya minyoo ya udongo iliyoitwa DBCP, maarufu kwa jina la Nemagon. Mwaka 1977 ilijulikana kwamba wanaume waliofanya kazi kwenye kiwanda kimoja kilichoitengeneza huko California walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa. Hatari ile ile iliwapata wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, ambako dawa iliendelea kutumika. Gesi ya bromidi ya methili, iliyotumiwa kuua kila kilichomo udongoni, iliharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha katika kilimo cha kawaida kufikia mwaka 2015. Karbofurani, punje ambazo wakulima wa Afrika Mashariki walizijua kwa jina la Furadan, ilitumiwa Kenya kuwatilia simba sumu, na mwaka 2017 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali ambazo nchi lazima ipewe taarifa kabla hazijaingia.

Dawa za aina hiyo zinadai glavu, buti, kipimo sahihi na maandishi ambayo mtumiaji anaweza kuyasoma. Mama anayelima na mtoto mgongoni, anayechota maji kwenye kijito kile kile kinachopita chini ya shamba, hana kimojawapo cha hivyo. Kumwuzia chupa isiyo na maelezo katika lugha anayoisoma ni kumwachia hatari ambayo muuzaji mwenyewe hataki kuibeba.

Sasa tuangalie kilichopo karibu. Mimea haiwezi kukimbia adui yake, kwa hiyo mingi imejitengenezea sumu ya kujilinda. Baadhi ya sumu hizo zinauzuia mnyoo kuanguliwa, nyingine zinamlegeza au kumwua, nyingine zinamfungia mlango wa kuzaa.

Wa kwanza ni mwarobaini, ule ambao wengi kwetu wanauita neem. Mbegu zake zina azadirakitini pamoja na vitu vingine vichungu. Mbegu zikikamuliwa mafuta, mashudu yanayobaki yakatwangwa na kuchanganywa na udongo kabla ya kupanda, yanapunguza minyoo na wakati huo huo yanalisha mmea. Mbegu na mashudu yana nguvu kuliko majani. Jua kali huiharibu haraka dawa hiyo, kwa hiyo ni lazima ifukiwe, isiachwe juu ya udongo.

Wa pili ni marejea, mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano na maganda yanayolia kama kayamba yakikauka. Ng'ambo ya ziwa, huko Peramiho karibu na Songea, padre Mbenediktini Gerold Rupper aliwahimiza wakulima wa Tanzania kuupanda kama mbolea ya kijani na kizuizi cha magugu. Mnyoo wa mafundo unaingia kwenye mizizi ya aina nyingi za marejea lakini unashindwa kuzaana humo. Ukipandwa kwa kubanana miezi miwili au mitatu, ukakatwa unapoanza kutoa maua na kufukiwa, udongo unabaki na minyoo michache na chakula kingi zaidi.

Wa tatu ni lile ua la manjano na rangi ya machungwa lenye harufu kali, ambalo watu wanalipanda mbele ya nyumba na kando ya makanisa. Wataalamu wanaliita tagetesi. Mwaka 1958 watafiti wawili wa Uholanzi, Uhlenbroek na Bijloo, walitambua ndani ya mizizi yake kitu kinachoua minyoo, kinachoitwa tertienili. Hapa ndipo wengi wanakosea: kupanda maua mawili matatu katikati ya nyanya kunapamba shamba tu. Ua hilo linafanya kazi likiwa hai, limejaza kipande kizima kwa muda wa miezi miwili au zaidi kabla nyanya hazijaingia.

Wa nne tunao kila nyumba, ni muhogo. Huko Brazili, katika jimbo la Ceará, watafiti wakiongozwa na José Júlio da Ponte walichapisha mwaka 1979 majaribio ya kumwaga udongoni maji yanayotoka kwenye muhogo mbichi uliosagwa na kukamuliwa. Maji hayo yana sumu ile ile ya sianidi inayofanya muhogo mchungu uwe hatari, na katika udongo yanapunguza minyoo ya mafundo. Kwetu muhogo mchungu tunaulowesha kabla ya kuukausha na kutwanga unga wa bukari. Maji ya kulowesha si sawa na maji ya kukamua, kwani sumu yake imepungua na nguvu yake haiwezi kuwa ile ile. Lakini pale ambapo akina mama wana mashine ya kukuna na kukamua muhogo, maji wanayoyamwaga leo yanastahili kupimwa kwanza.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wapenzi wa dawa za asili hawapendi kulisikia. Asili haimaanishi usalama. Sumu ya muhogo ndiyo inayohusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliueleza huko Kwango mwaka 1938. Mbegu za marejea zinaweza kuwadhuru mifugo. Mbegu za mbarika, ambazo mashudu yake pia hutumiwa dhidi ya minyoo, zina risini, sumu inayoweza kumwua mtoto anayezitafuna. Mtupa, mmea ambao watu wameutumia tangu zamani kulewesha samaki, hauchagui samaki wa kula na vifaranga vyake. Mtu akiumwaga shambani juu ya mteremko, mvua ya jioni itaupeleka mtoni. Dawa ya mmea inahitaji kipimo, wakati wake na mahali pake, kama dawa nyingine yoyote.

Pia mimea hii haiangamizi minyoo yote. Inaipunguza mpaka mmea uweze kuistahimili. Mkulima anayengoja muujiza ataacha baada ya msimu mmoja. Anayeichanganya na desturi nyingine atavuna: kung'oa na kuchoma mizizi yenye mafundo baada ya mavuno, kuacha kuotesha miche kwenye udongo ulioambukizwa, kubadilisha mazao. Na kubadilisha nako kunataka akili. Mahindi yanaweza kuutunza mnyoo bila kuonyesha mafundo ya kuonekana, kwa hiyo anayetoka kwenye nyanya akaenda kwenye mahindi anaweza kudhani ameusafisha udongo kumbe ameulisha. Karanga kwa upande wake zinakataa baadhi ya aina za mnyoo huu na kukubali nyingine. Ili kujua lipi lipandwe baada ya lipi, ni lazima tujue aina gani ya mnyoo iko Nyunzu, na hilo ni swali la wataalamu.

Wataalamu wakishuka kwa mkulima, matunda yanaonekana. Mwaka 2015 Kenya iligundua mnyoo mwingine mbaya kwenye viazi ulaya. Watafiti wa icipe na IITA walioko Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha North Carolina State cha Marekani, walijaribu kitu cha kushangaza kwa urahisi wake: kufunga mbegu ya kiazi ndani ya karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba, kisha kuipanda. Waliiongezea dozi ndogo mno ya dawa, kidogo sana kuliko ile ya kumwaga shamba zima. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2022, mavuno yaliongezeka, mahali pengine hadi mara tano. Wakakuta pia kwamba karatasi yenyewe, hata bila dawa, inanasa vitu ambavyo mizizi inavitoa na ambavyo mnyoo unavifuata kama harufu ya chakula. Mnyoo unapotea njia. Migomba tunayo. Kinachotukosa ni watu wa kujaribu na sisi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa wenye majina ya kazi zao.

Kwanza, ukaguzi wa kilimo wa jimbo na ule wa wilaya ya Nyunzu uwatume mamonita wake vijijini kabla ya mvua zijazo wafundishe kung'oa na kutazama mizizi. Kazi hiyo haihitaji mradi wa dola. Redio za Nyunzu na Kalemie zinaweza kuisaidia kwa kipindi cha dakika kumi kwa wiki, kwa Kiswahili, kwa Kiluba na kwa lugha nyingine zinazosikika huko.

Pili, INERA na vyuo vya Kalemie vifungue vipande vidogo vya majaribio katika mashamba ya wakulima wenyewe. Jaribio zuri linaweza kuwa rahisi: shamba moja ligawanywe sehemu mbili, upande mmoja upate mashudu ya mwarobaini au marejea, upande wa pili uachwe kama kawaida. Siku ya mavuno ving'olewe vitunguu, nyanya au maharagwe kumi kila upande, mizizi ipangwe juu ya turubai, kila mtu aone na ahesabu. Mwanafunzi wa kilimo atakayeandika kazi yake ya kumaliza masomo juu ya mizizi ya Nyunzu atakuwa ametufaa kuliko anayenakili kitabu cha Ulaya.

Tatu, mashirika yanayogawa mbegu na majembe kwa waliorudi yaongeze ndani ya mfuko huo mbegu za marejea na miche ya mwarobaini, pamoja na maelezo ya kuitumia. Kumpa mtu mbegu ya nyanya kwa ajili ya udongo uliojaa minyoo ni kumpa matumaini ya miezi mitatu.

Nne, Watwa wa Nyunzu waitwe mezani. Wao na wazee wa vijiji vyote wanajua mimea ya pori ambayo vitabu havijaiandika. Lakini ujuzi huo usichukuliwe bure. Sheria ya Julai 15, 2022 juu ya kulinda na kuendeleza haki za Wapigme wa asili imewatambua kama raia wenye haki zao. Mtafiti atakayeonyeshwa mmea na mzee wa Kitwa aandike jina la jamii iliyomwonyesha, na faida ikipatikana irudi kwao. Mtwa na Mluba wakichunguza mzizi mmoja katika shamba moja, huo nao ni mkutano wa amani, na hauhitaji posho.

Tutaulizwa pesa zitoke wapi. Sheria ya kilimo ya Desemba 24, 2011 iliunda mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Mjini Maputo mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika, Kongo ikiwemo, waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Wabunge wa Nyunzu huko Kinshasa na Kalemie wanaweza kuuliza swali rahisi: katika ahadi hizo, ni kiasi gani kimefika Lukuga?

Tutaambiwa pia kwamba usalama ndio wa kwanza, kwamba mtu hawezi kufikiria minyoo wakati anasikiliza kama kuna risasi. Ni kweli. Lakini watu wa Nyunzu wanalima hata wakiwa na hofu, kwa sababu tumbo halingoji mkataba wa amani. Wanastahili angalau kujua ni nani anayewala chini ya ardhi wakati serikali inashughulika na wanaowatisha juu yake.

Mvua zikirudi, kila mkulima anayesoma au kusomewa maneno haya aanze na mmea mmoja ulionyauka. Aung'oe, autikise, autazame. Akikuta mafundo, auweke kwenye mfuko, aupeleke kwa monita wa kilimo na kumwuliza atafanya nini. Wakiwa watu mia mbele ya ofisi moja, kila mmoja na mzizi wake mkononi, jibu litapaswa kupatikana.